Barua ya wazi kwa wakuu wa afya na majanga Nairobi: mizani ya mtoto ilikuwa imefungiwa

Nairobi, 17 Februari 2025

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa afya na majanga katika jiji hili, wa kaunti na wa serikali kuu,

MINT: MATIBABU YA WATOTO WAKATI WA MAJANGA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilivaa sare kwa miaka 27, mingi yake katika vyumba vya dharura, na sasa naishi Mathare, upande wa juu, mbali kidogo na mto. Barua hii si ya kwanza. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono katika ofisi husika Mei 2024, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili nikaipeleka Agosti. Ya tatu Novemba, na mara hiyo kijana wa mapokezi, ambaye tumeshazoeana, alinivutia kiti akaniuliza kwa upole, "Shosh, umeleta tena?" Nimeleta tena. Sijajibiwa hata moja, wala sijaambiwa nimekosea mlango. Ndiyo maana leo nasema mbele ya watu.

Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Aprili 2024, Mto Mathare ulifurika ukaingia majumbani. Mnaukumbuka msimu ule: mvua haikukatika, shule hazikufunguliwa hadi 13 Mei, na madaktari walikuwa kwenye mgomo tangu katikati ya Machi. Vijana wa mtaa walimtoa majini mtoto wa kiume wa kama miaka miwili, wakanikabidhi kanisani tulikokuwa tumekusanyika. Alikuwa wa baridi kama chuma, anakohoa, midomo imegeuka rangi. Mama yake alikuwa amevunjika mguu na ameshabebwa na gari jingine, kwenda hospitali nyingine. Nilimvua nguo zilizolowa, nikamfunga kifuani kwangu kwa leso mbili, tukapanda bodaboda hadi hospitali moja ya umma. Sitaitaja. Nesi niliyemkuta pale alifanya zaidi ya alichoajiriwa kufanya, na sitaki aitwe kujieleza kwa kosa ambalo si lake.

Alikuwa peke yake na wagonjwa wasiopungua 30. Alichukua barakoa ya oksijeni iliyokuwapo, ya mtu mzima, ikamfunika mtoto kutoka kwenye paji la uso hadi chini ya kidevu, hewa ikavujia pembeni. Kipima oksijeni cha kubana kidoleni kilichomoka mara nne. Mwishowe akakibana kwenye kidole gumba cha mguu na kukizungushia plasta. Akatafuta branula, ule mrija wa kuingiza mshipani, ya njano, ile nyembamba ya watoto. Droo ilikuwa na za kijani na za waridi tu. Kisha akahitaji uzito, maana mtoto hapewi dawa wala maji ya mshipa kwa kukisia. Mizani ya watoto ipo, akaniambia. Iko kliniki ya watoto. Kliniki imefungwa tangu saa kumi na moja jioni, na aliye na ufunguo anakaa Ruai, ukingoni mwa jiji.

Tulimpima kwa mikono. Mimi nilisema kilo kumi, yeye akasema kumi na moja. Tukakubaliana kumi na nusu, kama watu wanaopatana bei ya viazi Marikiti.

Mtoto yule yu hai, na juzi nilimwona akikimbiza kuku. Naliweka hilo wazi mapema ili asije mtu akasema nimekuja na maiti kuwatia aibu. Lakini alilala wadini siku mbili akiwa na kipande cha plasta kifuani kilichoandikwa "Mtoto wa kiume, mafuriko", huku baba yake akizunguka kambi za waliofurikiwa, hospitali na vyumba vya kuhifadhia maiti. Na dawati la malipo lilipofunguliwa asubuhi, swali la kwanza nililoulizwa ni kitambulisho cha mzazi kiko wapi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Maandalizi yetu yamepimwa kwa mwili wa mtu mzima.

Kila baada ya janga husemwa ambulensi zilikuwa ngapi na vitanda ngapi vilitengwa. Sijasikia hata siku moja mkuu akitaja saizi ya barakoa. Wengi wa wanaotupangia bado wanamwona mtoto kama mtu mzima aliyepunguzwa, na sivyo alivyo. Mtoto wa kilo kumi ana damu ya takriban mililita 800 mwilini, yaani haijazi hata pakiti mbili za maziwa za nusu lita. Akimwaga kikombe kimoja cha chai, amepoteza robo. Ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo akilowa hupoa upesi kuliko mama yake aliyelowa naye. Hupumua kwa kasi zaidi, basi moshi au gesi ya dakika ileile humwingia kwa wingi zaidi. Hata kichwa chake kinahesabiwa tofauti: kwa mtu mzima kichwa ni kama asilimia 9 ya ngozi yote, kwa mtoto mchanga ni karibu 18. Anayekadiria majeraha ya moto ya mtoto mchanga kwa mchoro wa mtu mzima atapunguza hesabu ya majeraha ya kichwa kwa nusu, na maji anayomwekea yatapungua vilevile.

Haya si ya vitabuni tu kwa mtu wa Nairobi. Moto wa bomba la mafuta Sinai, Septemba 2011, ulipita katikati ya nyumba za watu. Mlipuko wa gesi Embakasi, Februari 2024, ulitokea usiku, saa ambayo watoto wako vitandani. Mwaka 2016 jengo lilipoporomoka Huruma, mtoto mchanga alitolewa kwenye kifusi akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu, na nchi nzima ikashangilia. Nami nilishangilia. Kisha nikawaza kama watu wa kazi: je, angefikishwa kwenye droo kama ile ya branula za kijani, ingekuwaje?

Kinachotakiwa si jengo. Ni sanduku. Ndani yake barakoa na mifuko ya kupulizia pumzi ya saizi za watoto, branula za njano na za buluu, sindano za mfupani kwa mtoto ambaye mshipa wake haupatikani, kipima oksijeni cha watoto, mablanketi, mizani ya kuning'iniza, na ule utepe wa rangi unaolazwa kando ya mtoto ukakadiria uzito kutokana na urefu wake. (Nawaonya wanaopenda kununua: utepe ule ulitungwa Marekani, na kwa watoto wetu waliokonda unaweza kuongeza kilo ambazo hawana. Pale mizani ilipo, mizani kwanza.) Karibu vyote hivyo ni plastiki na nguo. Na sanduku likae chumba cha dharura, si stoo kuu ng'ambo ya jiji. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na usiku ule ya karibu nayo ilikuwa imefungiwa.

2. Namna tunavyopanga majeruhi kwa rangi inaweza kumuua mtoto.

Majeruhi wakiwa wengi, huvikwa rangi: kijani asubiri, manjano afuate, nyekundu atangulie, nyeusi tumwache. Njia iliyoenea duniani, ambayo nami nilifundishwa, huitwa START. Anayeweza kutembea ni kijani. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni nyekundu. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa ni nyeusi.

Sasa mpime kwa kanuni hiyo mtoto wa miezi sita. Hatembei, hata kama hana hata mchubuko. Akiwa mzima kabisa anaweza kupumua mara 40, basi ni nyekundu. Au amebebwa na mama anayetembea, wote wawili wakaelekezwa kwenye kijani bila mtu kumfunua leso. Tena lililo zito: moyo wa mtu mzima aliyeacha kupumua mara nyingi umeshasimama, ilhali mtoto mara nyingi huacha kupumua kwanza na moyo ukaendelea kupiga kwa muda. Ndiyo maana mwaka 1995 daktari wa watoto wa Marekani, Lou Romig, alitunga njia ya watoto, JumpSTART. Kiwango cha pumzi kikawekwa kati ya 15 na 45. Na mtoto asiyepumua lakini ana mapigo hupewa pumzi tano kabla ya mtu kufikiria rangi nyeusi. Pumzi tano, Waheshimiwa. Hesabuni moja hadi tano kwa sauti, muone ni muda gani huo tunaomnyima.

Njia hiyo ina miaka 30 mwaka huu. Katika miaka yangu yote kazini nilishiriki mazoezi ya majanga mara nyingi, watu wakipakwa rangi nyekundu na kulazwa uwanjani, na sikuwahi kuona mtoto akitumika, wala hata mwanasesere. Vijana wa chuo ndio waliolala pale wakicheka. Tukajifunza kuwaokoa vijana wa chuo.

3. Mtoto asiye na mtu wake hana daftari.

Watu wazima husema majina yao. Mtoto wa miaka miwili anasema "mama", na jina hilo haliko kwenye rejista yoyote. Usiku ule wa Aprili kila hospitali ilikuwa na daftari lake, na kila kambi lake. Shirika la Msalaba Mwekundu lina kazi ya kutafuta waliopotezana, na nchi ina namba ya simu ya watoto, 116, lakini nesi mwenye wagonjwa 30 hakujua ampigie nani, wala baba wa mtoto hakujua.

Si Nairobi pekee. Baada ya kimbunga Katrina, mwaka 2005, Marekani ilipokea ripoti za watoto zaidi ya 5,000 waliotengana na jamaa zao, na kazi ya kuwaunganisha ilichukua miezi. Wao baadaye waliunda tume ya taifa ya watoto na majanga, ikatoa ripoti mwaka 2010. Sisi tulikuwa na shambulio la kigaidi la jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, siku ambayo juu kwenye maegesho kulikuwa na mashindano ya upishi ya watoto. Sioni cha kuonyesha tulichojifunza kuhusu watoto katika siku ile.

Kuna upande mwingine wa jambo hili unaonitia hofu kuliko huo. Asubuhi ya pili alikuja wadini mwanamke akasema yule mtoto ni wa dada yake. Alikuwa analia. Huenda alikuwa mkweli, amechanganyikiwa kama wengine, maana alipomwona vizuri alisema siye. Lakini angesema ndiye, nani angemzuia? Hapakuwa na fomu, picha wala afisa wa watoto. Palikuwa na mimi, shosh mwenye leso, na mimi pia hakuna aliyeniuliza ni nani.

Kuhusu malipo nitasema neno moja. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Hakisemi awe amefuatana na mzazi mwenye kitambulisho.

4. Kambini, afya ya mtoto inaachiwa wasamaria.

Siku ya tatu wahisani walileta makopo ya maziwa ya unga. Nia njema, Mungu awalipe. Ila maji ya kuyakorogea yalikuwa yale yale yaliyotoka kuzoa vyoo, na chupa zilisuuzwa kwenye beseni moja. Nilibishana na akina mama waliokwisha kuacha kunyonyesha kwa sababu waliambiwa hofu imekausha maziwa. Hofu huchelewesha maziwa kushuka. Ukimtuliza mama na kumweka mtoto titini mara kwa mara, yanarudi. Tuna sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti vibadala vya maziwa ya mama, na jiji hili hili lina benki ya maziwa ya mama Pumwani tangu 2019. Ujuzi tunao. Kambini haukufika.

Na mto ulikuwa umechukua vijitabu vya kliniki. Kwa asiyejua, kile kijitabu ndicho kumbukumbu yote ya mtoto: chanjo, uzito wa kila mwezi, dawa anazotumia. Nilikuwa na watoto wawili wa seli mundu, mmoja wa pumu ambaye pampu yake ilikwenda na maji, na mama aliyeninong'oneza kwamba mwanawe ana siku mbili hajameza dawa za virusi, na asingeweza kuliuliza hilo mbele ya watu kwenye foleni ya ugali. Wahudumu wa afya ya jamii wanazijua nyumba hizi moja moja. Hakuna aliyewapa kazi hiyo usiku ule. Nao wengine nyumba zao zilikuwa chini ya maji.

5. Hofu haitibiwi.

Hadi leo wako watoto mtaani wanaojikojolea mvua ikigonga mabati. Walimu wanawachapa.

Najua majibu nitakayopewa, kwa sababu nami nimewahi kuyatoa nikiwa upande wa pili wa meza.

Mtasema fedha hakuna. Kwa jengo nitakubali. Kwa mizani ya kuning'iniza sikubali.

Mtasema wauguzi wameshafunzwa. Ni kweli, na sifa ziwafikie waliolianzisha: mafunzo ya ETAT+, ya kumpokea na kumtibu mtoto mahututi, yamewafikia wengi, na kile kijitabu cha Wizara cha mwongozo wa matibabu ya watoto nilikitia mfukoni hadi jalada likabanduka. Lakini kila ukurasa wake unataka kilo za mtoto. Nesi yule alikuwa nacho. Alikosa mizani. Isitoshe, kumtibu mtoto mmoja mahututi ni kazi moja, na kuwatibu 20 kwa mpigo huku wengine hawana wazazi ni kazi nyingine.

Mtasema watoto wapelekwe hospitali kubwa ya rufaa, ndiko waliko madaktari wao. Mzazi mwenye mtoto anayetapatapa hukimbilia mlango wa karibu. Ndivyo ilivyo popote duniani. Hata nchi zenye hospitali nyingi za watoto zimekubali kwamba wengi wao hupokewa kwanza katika hospitali za kawaida. Na usiku ule barabara zilikuwa mito.

Mtasema palikuwa na mgomo. Palikuwapo, na sitaingia kwenye ugomvi huo. Lakini ufunguo wa kliniki haukugoma.

La mwisho ndilo ninalolichukia. Wa kaunti mtasema ni la serikali kuu, na wa serikali kuu mtasema ni la kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limewapa kaunti hospitali zao, ambulensi na zimamoto, likawapa serikali kuu hospitali za rufaa za kitaifa, na neno "majanga" likaliandika pande zote mbili. Nimelisoma kwa miwani na bila miwani. Wote mmetajwa. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia wote kwa bahasha moja, ili asiwepo wa kumsukumia mwenzake.

Ninachoomba ni kidogo, na nakitaka na tarehe.

Kabla ya katikati ya Machi, mvua ya masika haijaanza, kila hospitali na kituo cha umma kinachopokea dharura usiku kiwe na sanduku la watoto. Lisiwe na kufuli, liwe na lakiri ya kukatwa kwa mkono, na likaguliwe kila tarehe mosi. Katika kila zamu awepo mtu mmoja, nesi au tabibu, ambaye kazi yake siku ya janga ni watoto, na jina lake libandikwe ukutani ambapo hata mimi mpita njia nitalisoma. Kabla ya mwaka kwisha, lifanyike zoezi moja la majanga lenye watoto, kwa ridhaa ya wazazi wao, na upangaji wa rangi wa watoto ufundishwe kabla ya zoezi hilo. Na iwepo orodha moja ya jiji zima ya watoto wasio na mtu wao: picha, alama za mwili, nguo alizovaa, nani kamleta na saa ngapi, nesi aijaze kwa simu yake, afisa wa watoto aisimamie, na mtoto asikabidhiwe kwa machozi peke yake.

Naomba jibu la maandishi katika siku 30. Jibu la "tumelipokea" nimeshapigiwa muhuri mara tatu, linatosha. Nikijibiwa kwamba lolote kati ya haya haliwezekani, niambiwe lipi na kwa nini, na aliyeamua hivyo aweke jina lake.

Jina langu kamili na namba yangu ya simu viko kwenye barua zile tatu. Hii nayo nitaileta kwa mkono, na kijana wa mapokezi asiniandalie kiti, sitakaa.

Huku kwetu chama cha wanawake kimeshachanga. Tuna mizani ya kuning'iniza, mablanketi kumi na mawili, chumvi ya kurudisha maji mwilini na zinki, na daftari lenye mistari tuliyochora wenyewe kwa rula. Tumeviweka kanisani. Ufunguo uko kwa watu watatu, na wote wanalala mtaani.

Wenu kwa heshima,

Muuguzi mstaafu, Mathare

Nakala: Bunge la Kaunti ya Jiji la Nairobi, Kamati ya Afya ya Bunge la Taifa, wazazi wote wa Mathare, Mukuru, Huruma na Korogocho